Swali la Dumu la Mafuta

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 43 na uzito wa kilo 91, nilijiunga na kundi la WhatsApp lililoahidi kupunguza kilo 10 ndani ya siku 21. Nililipa ada, nikaingizwa, na kabla hata sijawasalimu wenzangu nikatumiwa orodha ya vyakula vilivyopigwa marufuku: ugali, wali, chapati, viazi, mihogo, ndizi, maharage na matunda yote isipokuwa parachichi na limao. Asubuhi tulikunywa maji ya uvuguvugu yenye limao na siki, mchana tukala nyama au mayai yaliyokaangwa kwa mafuta mengi, na usiku supu. Aliyeonja kitumbua alitakiwa kuungama mbele ya kundi zima.

Nikisema kwamba uzito haukupungua nitakuwa mwongo. Katika wiki mbili ziliondoka kilo sita, sketi zikanilegea, nami nikaanza kuwahubiria wenzangu ofisini. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwili huweka akiba ya wanga, ule unaotokana na vyakula kama ugali, wali na viazi, kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na takribani gramu 3 za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba hutumika, maji yake hutoka kwa mkojo, na mzani hushuka haraka ilhali mafuta ya mwilini yamepungua kidogo tu.

Mimi, zaidi ya hayo, nilikuwa natumia dawa ya presha ya aina inayoongeza mkojo. Kwa hiyo maji na chumvi vilikuwa vikinitoka kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kila niliposimama nilishikwa na kizunguzungu. Nilipouliza kundini nikajibiwa kwamba hizo ni sumu zinatoka, nivumilie. Siku chache baadaye miguu iliniisha nguvu ndani ya daladala, abiria wakanipisha kiti, nikashukia zahanati badala ya kazini. Tabibu aliyenipima aliuliza jambo moja tu: nani aliyekupangia mlo huu akijua unatumia dawa hizi? Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa akijua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Nakiri kwamba kuacha wanga si uzushi mtupu. Mlo wa namna hiyo ulipendekezwa Marekani mwaka 1921, katika hospitali ya Mayo Clinic, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na hadi leo hutumika kwa baadhi ya watoto ambao kifafa chao hakitulizwi na dawa. Lakini watoto hao hupimwa damu na kufuatiliwa na daktari pamoja na mtaalamu wa lishe. Kundini kwetu, mjamzito, mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari na kijana mwenye afya tele walipewa karatasi ileile.

Kilo sita zilirudi kabla mwaka haujaisha, zikaja na mbili za ziada. Ndipo nilipokwenda kwa afisa lishe wa hospitali ya wilaya, ambaye nilimdharau kidogo moyoni kwa sababu ya udogo wake. Aliniamkia shikamoo, akachukua kalamu, na kwa muda wa karibu saa nzima hakunikataza chakula hata kimoja. Aliuliza dawa ninazotumia, saa ninayolala, nani anapika nyumbani, mchana nakula kwa mama lishe gani na sahani yake inajaa vipi. Kisha akauliza, "Mama, dumu la mafuta la lita 5 linakaa siku ngapi kwenu?"

Nikamjibu kwamba ni siku kumi na nane hivi, na tuko wanne. Akapiga hesabu mbele yangu. Kila mmoja wetu alikuwa anakula takribani mililita 70 za mafuta kwa siku, na kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa nishati ya kilokalori 9, hizo zilikuwa zaidi ya kilokalori 550 kabla ya kuhesabu ugali wenyewe. Ugali niliokuwa nimeulaani kwa wiki tatu! Gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4 tu, lakini mchicha wetu ulikuwa unaogelea.

Tulichokubaliana kilikuwa kidogo mno hata nikaona aibu kukisimulia: mafuta yapimwe kwa kijiko, chai iwe na kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu, soda ibaki ya sherehe, nusu ya sahani iwe mboga, na nishuke daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Wali wa nazi wa Jumapili haukuguswa. Ilichukua miezi minane kupunguza kilo saba, na kiuno kikapungua sentimita 9.

Anayetaka kwenda kwa mtaalamu aulize kwanza amesomea wapi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha lishe ya binadamu hadi ngazi ya shahada, na halmashauri zetu zina maafisa lishe. Anayekupangia mlo na papo hapo akakuuzia chai au unga wa kuufanikisha, mwogope. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo asibadili mlo kwa kishindo kabla ya kuonana na daktari wake, kwani huenda dozi ya dawa ikahitaji kubadilishwa pia.

Mimi bado narudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, na swali la yule afisa lishe kuhusu dumu halijabadilika. Dumu la sasa lilifunguliwa tarehe 2, na tarehe hiyo nimeiandika ubavuni mwake kwa kalamu ya wino mzito, ili hata mume wangu akiingia jikoni kukaanga samaki aione.