Mapipa matatu, mfuko mmoja: kwa nini wafanyakazi hawatenganishi taka?

SWALI: Habari yako, Daktari. Mimi ni meneja wa utawala katika kampuni ya watu sitini hivi, Upper Hill. Mwaka jana tulinunua mapipa matatu ya rangi kwa kila ghorofa, tukamwita mtaalamu akatufundisha nusu siku, tukabandika mabango hadi msalani. Watu walipiga makofi. Leo, miezi kumi baadaye, maganda ya ndizi yamo kwenye pipa la karatasi na vikombe vya kahawa humo humo. Tulipobandika bango jipya, "Wengi wetu bado hatutenganishi taka. Tubadilike!", hali ilizidi kuwa mbaya. Sasa mkurugenzi anataka kila atakayekosea atozwe shilingi 200. Linaloniuma ni kwamba nyumbani kwangu Rongai natenga maganda kila siku kwa ajili ya kuku wa jirani, lakini nikifika kazini nami natupa tu. Mama wa usafi pia jioni huwa anamimina yote kwenye mfuko mmoja, ila hilo ni dogo. Je, watu hawajali, au kuna mafunzo ambayo hatujawapa? Nisaidie dada yako.

JIBU: Dada yangu, hilo uliloliita dogo ndilo lililonifanya niichague barua yako.

Miaka michache iliyopita niliitwa na ofisi moja ya hapa Nairobi yenye shida kama yenu. Niliomba nikae tu karibu na lifti jioni, nisihoji mtu. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, mama wa usafi akaja na kitoroli chake. Akafunua pipa la kwanza, akalikung'uta ndani ya mfuko. Akafunua la pili, akalikung'uta mle mle, na la tatu likafuata. Kando yake kijana wa uhasibu alikuwa akisubiri lifti, chupa tupu ya maji mkononi. Alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mafunzo. Akautazama ule mfuko, akayatazama mapipa, kisha akaitupa chupa katika pipa lililokuwa karibu na goti lake. Lilikuwa la mabaki ya chakula. Kesho yake nilipogawa karatasi za maswali, karibu kila mtu aliandika kwamba kutenganisha taka ni jambo la maana. Naamini waliandika kweli, na yule kijana pia.

Hakukosa elimu. Alichopoteza ni imani kwamba tendo lake linafika mahali. Sisi tunaoshughulika na saikolojia ya mazingira tunalipa jambo hilo uzito mkubwa, kwa sababu mtu anaweza kuyapenda mazingira, akajua la kufanya, akawa na nia, na bado asifanye akishaona kwamba jitihada yake inamwagwa. Mbaya zaidi, kuanzia hapo kila bango humkumbusha kwamba wakubwa wanasema tu.

Kwa hiyo kabla ya mafunzo mengine, ifuate taka yenu. Muulize mama wa usafi anapewa mifuko mingapi, ana dakika ngapi kwa kila ghorofa, na nyuma ya jengo kuna nini. Tafadhali usimwendee kama mkosaji. Pengine amepewa mifuko ya aina moja, muda hautoshi, na anajua fika kwamba lori litachanganya yote. Anaijua njia ya taka hizo kuliko ninyi sitini. Mketishe kwenye kikao cha kwanza, ndani ya saa zake za kazi, na asikilizwe. Kisha mbane mzoaji wenu. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, kwa hiyo si fadhila unayoomba. Jalala la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na malori bado yanapanda pale kila siku. Ofisi yenye watu wa kusoma na kuandika haina sababu ya kuongeza mle maganda ya ndizi ambayo mfugaji wa nguruwe au mtengeneza mboji angeyachukua. Karatasi safi nayo ina wanunuzi. Iliyolowa chai haina. Sababu ya namna hiyo, fupi na ya kushikika, waambie watu. Inaingia kuliko hotuba kuhusu sayari.

Sasa nije kwako wewe mwenyewe, kwa sababu umejibu nusu ya swali lako bila kujua. Wewe ni mtu yule yule, Rongai na Upper Hill. Mapenzi yako kwa mazingira hayabaki kwenye matatu asubuhi. Kinachobadilika ni mahali. Nyumbani, nadhani kuna ndoo karibu na sinki, mkono unaifikia bila kufikiri, na upande wa pili wa ua kuna kuku wanaosubiri na jirani atakayeuliza. Kazini kuna kindoo chini ya meza yako kinachomeza kila kitu, na mapipa ya rangi yako mbali, kwenye lifti. Mambo tunayoyarudia kila siku huacha kuamuliwa na nia. Hushikwa na mazoea, na mazoea huamshwa na vitu vilivyo mbele yetu: meza ile, kindoo kile, saa ile. Ndiyo maana mafunzo ya nusu siku yalikwisha na makofi. Yaligusa nia, lakini kindoo kilibaki palepale.

Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2006 ninaoupenda sana kwa sababu ulifanywa kwenye ofisi halisi. Rob Holland na wenzake waliwataka wafanyakazi waandike kwa mkono wao ni lini, wapi na vipi watapeleka karatasi na vikombe vya plastiki kwenye masanduku ya kuchakatwa upya. Hawakuambiwa faida za mazingira. Waliandika tu mpango wao. Karatasi na vikombe vilivyokuwa vikitupwa kwenye vindoo vyao binafsi vilipungua sana, na miezi miwili baadaye vilikuwa bado vichache. Mpango wa namna hiyo huifunga nia na tukio: "Nikimaliza chai ya saa nne, nitabeba kikombe ninapokwenda kuosha mikono." Saa nne ikifika, hakuna cha kufikiria.

Waombe watu wako waandike sentensi moja kama hiyo, kila mmoja yake. Ondoa vindoo vya chini ya meza, watalalamika wiki moja au mbili. Weka pipa la mabaki pale pale maganda yanapozaliwa, yaani kwenye jiko la chai na mahali wanapokulia chakula cha mchana, na pipa la karatasi kando ya printa. Kwenye lifti hakuna mtu anayemenya ndizi.

Kuhusu bango lenu la pili, naelewa mlikuwa na nia njema, lakini litoe leo. Bango hilo limewatangazia watu sitini kwamba kutotenganisha ndiyo desturi ya ofisi. Binadamu huangalia wenzake wanafanya nini kabla ya kusikiliza anaambiwa nini, na hata anayebisha kwamba haigi mtu anaiga. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilijaribu jambo hili katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, ambako wageni walikuwa wakiiba vipande vya mti uliogeuka jiwe. Kibao kimoja kililalamika kwamba wageni wengi waliotangulia wameondoka na vipande na kuharibu msitu. Kingine kiliwaomba tu wasichukue. Vipande vilikuwa vimetegwa njiani ili vihesabiwe. Palipokuwa na kibao cha malalamiko karibu asilimia 8 viliibwa. Palipokuwa na ombi la kawaida havikufika asilimia 2.

Nguvu hiyo hiyo hufanya kazi upande wa heri. Katika hoteli moja ya Marekani, kadi iliyowaomba wageni watumie taulo tena kwa ajili ya mazingira iliitikiwa na asilimia 35 hivi. Kadi iliyowaambia kwamba wageni wengi hapa hutumia taulo zao tena iliitikiwa na asilimia 44, na waliposema wageni wa chumba hiki hiki, ikapanda zaidi. Jirani wa karibu ana sauti kuliko umma wa mbali. Lakini usibandike uongo. Kama wanaotenganisha ni wachache, sema kinachokua: ghorofa ya tatu wiki hii wametenga kilo nyingi kuliko wiki iliyopita, na andika ni kilo ngapi. Mizani ya kuning'iniza inatosha. Pima wiki mbili kabla ya kubadilisha lolote, ili ujue ulipotoka.

Faini sasa. Mwambie mkurugenzi asubiri. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliandika kuhusu vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, ikawekwa faini ndogo, na wanaochelewa wakaongezeka karibu mara mbili. Kabla yake mzazi aliyechelewa aliona haya mbele ya mwalimu. Baada yake alijiona amenunua muda. Faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Shilingi 200 kwa mhasibu wa Upper Hill ni bei ya kikombe cha kahawa. Ataona ni nafuu kuliko kutembea hadi pipa la pili. Tena nani atakuwa askari wa kuchungulia mapipa? Utamtuma mama wa usafi amshtaki bosi wake?

Najua mkurugenzi atakutajia mifuko ya plastiki. Ni kweli, marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 ilikuja na adhabu nzito, faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, na mifuko ya kubebea ikatoweka kwenye kaunta za supamaketi. Naiheshimu sana hatua ile. Lakini mteja wa kawaida hakusimama kila siku akiikumbuka jela. Alifika kulipa, akakuta mfuko haupo, akanunua ule wa kutumia tena au akaja na kikapu chake. Sheria ilikibadilisha kilichokuwa mbele ya mkono. Hilo ndilo la kuiga.

Na kama mnataka kuliiga haraka, weka printa zote zichapishe pande mbili zenyewe. Johan Egebark na Mathias Ekström walilijaribu hili katika chuo kikuu kimoja cha Uswidi: ujumbe wa kuwasihi watu waokoe karatasi haukusogeza kitu, ila kubadili mpangilio wa printa kulipunguza karatasi kwa asilimia 15 hivi. Ni kazi ya dakika kumi ya mtu wenu wa kompyuta.

Nina ombi moja gumu. Angalia meza ya bodi wanapokutana. Nikiingia ofisi yoyote macho yangu huenda huko kwanza, na mara nyingi hukuta chupa ndogo za plastiki zimepangwa moja kwa kila kiti, nyingine zinafunguliwa na kuachwa nusu. Mfanyakazi anayeingia kuzikusanya baada ya mkutano anajifunza kitu pale, na hakuna mtaalamu utakayemleta atakayekifuta. Mkurugenzi akikubali jagi na bilauri, na akaonekana akibeba kikombe chake mwenyewe hadi jikoni, atakuwa amefanya zaidi ya faini yake. Mwambie kwa upole, faraghani, na umpe yeye nafasi ya kulitangaza.

Ukiniuliza uanzie wapi, anzia mwisho wa safari. Usimlaumu mfanyakazi yeyote mpaka uwe na hakika kwamba kilichotengwa hakichanganywi tena, kwenye mfuko wala kwenye lori. Hilo likishakaa sawa, waite watu wote kwa dakika kumi na tano, mkiri kwamba taka zao zilikuwa zikichanganywa, na mama wa usafi aeleze kwa maneno yake kitakachokuwa tofauti. Vindoo vya chini ya meza viondolewe siku hiyo hiyo, wakati habari bado ni mpya. Nakuomba pia uamke mapema siku moja wiki hii, ushuke nyuma ya jengo lori linapopakia, umuulize dereva anaelekea wapi. Niandikie tena ukishajua.