Stoo ya mashuka, orodha ya Julai

Umepewa bunda la funguo, redio ya mkononi na wasafisha vyumba 12 wa kusimamia. Hongera. Mimi nilishika bunda kama hilo miaka mingi katika hoteli za Malindi, kwa hiyo, kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini, nianze na kosa langu kabla wewe hujafanya lako.

Asubuhi moja binti wa zamu ya jioni alinifuata stoo ya mashuka. Akashika taulo iliyokwisha kukunjwa, akaikunjua, akaikunja upya. “Mama, naomba unihamishie asubuhi.” Nikamuuliza, nyumbani kuna nini? Hakuna kitu. Taulo ile ile akaikunja mara ya tatu. Nikamhamisha, nikajiona mtu wa huruma.

Wiki mbili baadaye akaja wa pili na ombi hilo hilo. Hapo ndipo nikajiuliza jioni kuna nani. Kulikuwa na mkubwa mmoja aliyekuwa akiwaita stoo ya vinywaji “kuhesabu chupa”, mmoja mmoja, mlango umerudishwa. Yule wa kwanza, kwa kuhamishwa, alikuwa amekosa bakshishi za jioni, zile anazoachiwa mtu wakati wageni wameenda kula naye anashusha vyandarua. Aliyesumbuliwa ndiye aliyelipa, na mimi ndiye niliyemtoza. Siku hizi nikisikia ombi la kuhama zamu lisilo na sababu, simhamishi mtu kabla sijaangalia anamkimbia nani. Na akihitajika wa kuhama, anahamishwa anayelalamikiwa wakati uchunguzi unaendelea.

Usidhani unyanyasaji wa kingono ni mpaka mtu ashikwe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6, inataja kutakwa kimapenzi kwa ahadi ya kupendelewa au kwa kitisho, inataja maneno, picha, na vitendo vya mwili asivyovitaka mfanyakazi. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima atoe sera ya kuuzuia, tena baada ya kushauriana nao au wawakilishi wao. Nimeiona karatasi hiyo imebandikwa kantini kwa Kiingereza, imepigwa chapa za vikombe vya chai. Sheria inataka kila aliye chini ya mwajiri afahamishwe. Isome kwa Kiswahili asubuhi mkipangiana vyumba, na askari wa getini na mtunza bustani wawepo. Wenye watu 19 wasinipigie hesabu za vidole: binti wa nyumba ndogo ya wageni ana mahali pachache zaidi pa kukimbilia.

Kuhusu wageni, kuna mameneja watakaokwambia kifungu kinamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenzako, mgeni hamo. Kweli hamo. Lakini sera hiyo hiyo lazima iseme mwajiri atachukua hatua ili mfanyakazi asinyanyaswe, na anayepanga nani aingie chumba gani, saa ngapi, ni mwajiri. Troli izibe mlango ukiwa wazi. Mgeni akifungua amejifunga taulo, binti anaondoka bila kuomba ruhusa, na chumba kinasafishwa baadaye na watu wawili. Anayekwenda kuzungumza na mgeni ni meneja. Na vijana wa kiume usiwacheke. Mhudumu wa baa aliyeshikwa kiuno akaambiwa “si una bahati wewe!” hatakuja kukwambia tena.

Akikujia mtu, usimwahidi kuwa hutamwambia yeyote. Sheria inalinda jina lake isipokuwa pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolihitaji, basi mwambie hivyo hivyo. Andika tarehe, saa, mahali, na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Mwenye mamlaka akizidi kumtaka kimapenzi aliye chini yake huku akijua hatakiwi, hilo pia ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Kwa hiyo “tuyamalize hapa hapa” si neno lako kulisema.

Lakini hatari kubwa ya mji wetu naiona kwenye kalamu. Masika yakianza Aprili wageni hupungua, vibarua huambiwa wakapumzike mpaka waitwe Julai. Anayeandika orodha ya wanaorudi ana nguvu kumshinda meneja mkuu. Haguswi mtu, halitoki tusi. Ni “Julai unataka kurudi, au?” tu, na binti ana mtoto wa kusomesha. Mwombe mwajiri wako orodha ifuate muda wa kazi na tathmini iliyoandikwa, itiwe sahihi na watu wawili, na ibandikwe kabla watu hawajaondoka.

Kwetu ilichukua msimu mzima kukubalika. Watatu waliandikisha malalamiko, yule mkubwa akaachishwa kazi. Julai binti wa taulo alirudi zamu ya jioni, mwenyewe kaitaka. Stoo ya vinywaji ilikuwa imeshahamishiwa karibu na mapokezi, mlango wa kioo.