Husuni Kubwa na Gereza: Maswali Yenu Kuhusu Magofu ya Kilwa

Mreno gani alijenga Husuni Kubwa?

Hakuna. Swali hili hunifikia kila mara, na linaniumiza, kwa sababu kila tuonapo jengo la mawe pwani tunakimbilia kumpa sifa mgeni. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida. Husuni Kubwa, kasri la mawe lililoko Kilwa Kisiwani, ilikuwapo zaidi ya karne moja kabla yao. Aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, na jina lake limekutwa humo limechongwa kwenye jiwe.

Na ile ngome tunayoiona tukiwa kwenye mashua?

Hiyo ni Gereza, jina la ngome ya kisiwani. Wareno walijenga ngome yao hapo 1505, wakaihama 1512. Kuta mnazopiga picha nyingi ni za Waomani, karibu mwaka 1800. Msiishie hapo mkarudi Kilwa Masoko, mji wa bara mnakopandia mashua, mkidhani mmeyamaliza magofu.

Husuni Kubwa ilikuwa boma la vita?

Ilikuwa kasri, na pia mahali pa biashara. Imekaa juu ya genge linalotazama bahari, ina vyumba zaidi ya 100, nyua pana na birika la kuogea lenye pembe nane. Mafundi walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Mali ilitokana na dhahabu ya Sofala, bandari iliyo pwani ya Msumbiji ya leo, ambayo biashara yake Kilwa iliishika. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika mwaka 1331, akamkuta sultani huyu na kuusifu ukarimu wake. Lakini mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba miaka ya 1960 alikuta dalili kwamba ujenzi haukukamilika na kasri lilihamwa mapema. Anayewaambia masultani waliishi humo karne nzima msimwamini.

Naweza kuokota kigae kimoja cha ukumbusho?

Hapana! Kigae, yaani kipande cha chombo kilichovunjika, kilichotoka China kikiwa pale kilipoangukia hueleza umri wa sakafu. Mfukoni mwako hakielezi chochote. Na msiwapandishe watoto juu ya kuta.

Si UNESCO walishasema hatari imekwisha?

Magofu yaliingia Urithi wa Dunia 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014. Mawimbi hayasomi orodha. Mikoko ikikatwa, bahari hula ufuko hadi kwenye misingi, kwa hiyo anayenunua nguzo za mikoko iliyokatwa kisiwani anashiriki kuubomoa mji huu.

Kibali cha kutembelea magofu kinapatikana wapi?

Kilwa Masoko, kabla ya kuvuka.