Mpini wa Upanga wa Mwanga kutoka kwa Picha Tatu

Bomba la kwanza nililonunua kwa ajili ya mpini huu lilikuwa nene kupita kiasi kwa sentimita moja nzima, na kosa lilikuwa langu. Nilimwambia muuzaji kwamba nahitaji bomba la inchi moja na nusu, naye akanipa la maji, ambalo hubeba jina hilo ingawa upana wake wa nje ni milimita 48. Fundi wa Katwe, hapa Kampala, niliyempelekea alilizungusha mkononi, akatazama mchoro wangu, kisha akaniuliza: "Ssebo, hili ni la maji. Si unataka lile la reli za ngazi?" Bomba la reli za ngazi, lenye jina lilelile la inchi moja na nusu, hupimwa kwa nje, nalo lina milimita 38. Tangu siku hiyo siendi dukani na jina la kipimo peke yake. Nakwenda na milimita zangu zimeandikwa, na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana wa bomba, mfukoni.

Mpini wenyewe ni nakala ya ule wa upanga wa mwanga, silaha ya kubuni ambayo kijana Luke Skywalker anakabidhiwa na mzee Obi-Wan Kenobi katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Niliutaka kwa sababu nimeupenda tangu utotoni, nilipoiona filamu hiyo katika kibanda cha video, sauti ya VJ, yule anayetafsiri filamu huku ikionyeshwa, ikiwa juu ya sauti za waigizaji. Picha nilizokuwa nazo zilikuwa tatu tu, zote za giza kidogo, na katika mojawapo kiganja kilikuwa kimefunika karibu nusu ya mpini. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yanamhusu mtu aliye katika hali hiyo: ana picha chache, na hana njia ya kukishika kifaa halisi.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usikate chochote kabla hujapata ndani ya picha kitu kimoja ambacho ukubwa wake unaujua kwa hakika. Vifaa vingi vya filamu za aina hii havikuchongwa kuanzia mwanzo, bali viliunganishwa kutokana na vitu vilivyokuwa vikiuzwa madukani kwa kazi nyingine. Mpini huu ni mfano mzuri. Roger Christian, aliyekuwa mpambaji wa mandhari wa filamu hiyo, aliupata katika duka la vifaa vya picha jijini London: ulikuwa mshikio wa taa ya kamera za Graflex, kampuni ya Marekani ambayo kamera zake zilitumiwa sana na wapiga picha wa magazeti. Akaugandishia vipande vya raba, na mahali pa kibano akaweka kipande chenye vivimbe angavu kilichotoka kwenye kikokotoo cha mfukoni. Hapa Kampala njia hiyo si ngeni kwetu, kwani kule Wakaliga, katika Ramon Film Productions ya Isaac Nabwana, zana za filamu zimekuwa zikiundwa kwa vyuma chakavu kwa miaka mingi.

Mshikio ule wa taa ulibeba betri tatu kubwa, zile tunazotia kwenye tochi ndefu za kijijini, zilizoandikwa R20. Hiyo ndiyo ilikuwa rula yangu. Betri ya R20 haizidi milimita 34.2 kwa upana na milimita 61.5 kwa urefu, iwe imenunuliwa London au katika soko letu la Owino. Kwa hiyo bomba lazima liwe na nafasi ya milimita 34 na zaidi kwa ndani, na ukiongeza unene wa chuma pamoja na nafasi ya betri kuteleza bila kukwama, unafika karibu na milimita 38 kwa nje. Betri tatu zikipangwa moja nyuma ya nyingine zinachukua milimita 184.5, na jumla hiyo inakupa urefu ambao mpini hauwezi kuwa chini yake. Tayari nilikuwa na vipimo viwili kabla sijagusa picha.

Sasa picha zenyewe. Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba kitu cha mviringo kikiinamia kamera, urefu wake unapungua machoni lakini upana wake haubadiliki sana. Mpini wa milimita 266 ukiinama nyuzi 30 unaonekana kama wa milimita 230, ilhali unene wake unabaki uleule. Basi usipime urefu peke yake. Pima urefu kisha uugawe kwa upana uliochukuliwa katikati ya mpini, kwa sababu ncha iliyo karibu na kamera huonekana kubwa kuliko ilivyo na ile ya mbali huonekana ndogo. Fanya hivyo kwa kila picha. Mimi nilipata 5.4, 6.3 na 7.0. Nilikuwa karibu kuchukua wastani wake, na wastani huo ungeniharibia kazi yote, kwa kuwa kuinama hufupisha tu na hakurefushi kamwe. Uwiano mkubwa kuliko yote ndio ulio karibu zaidi na ukweli. Nilizidisha 7.0 kwa milimita 38, nikapata 266, kipimo kinachoingiza betri zote tatu na kuacha nafasi ya springi na kichwa.

Kama una filamu yenyewe, hata nakala mbovu, usitosheke na picha moja ya tukio. Filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo nusu sekunde ya mkono unaogeuka inakupa picha 12 za pembe tofauti, na mara nyingi moja kati yake inaonyesha upande uliokuwa umefichika. Kukuza picha kwenye simu hakuongezi chochote ambacho hakikuwamo.

Vipande vya raba vinavyouzunguka mpini vinataka hesabu kidogo ili ujue ni vingapi. Picha haikuonyeshi vyote kwa pamoja, na vilivyo pembeni huonekana vimekaribiana. Chagua fremu ambayo kipande kimoja kiko katikati kabisa, kisha pima umbali wa jirani yake kutoka mstari wa katikati. Kwenye bomba lenye nusu kipenyo cha milimita 19, jirani akiwa umbali wa milimita 15 pembe kati yao ni kama nyuzi 52, na duara la nyuzi 360 linaingiza vipande saba. Akiwa umbali wa milimita 16.5 pembe ni nyuzi 60, na vipande ni sita. Tofauti ni milimita moja na nusu tu, kwa hiyo rudia kipimo hicho kwenye fremu nyingi kabla ya kuamini jibu. Raba yenyewe niliikata kutoka kwenye waipa za magari nilizonunua soko la Kisekka.

Jihadhari pia na weusi unaouona juu ya chuma kinachong'aa. Chuma cha namna hii hubeba sura ya vitu vilivyokizunguka, na mstari mweusi niliodhani ni mfuo uliochongwa ulikuwa kivuli cha mkono wa mwigizaji. Ukilinganisha fremu mbili utajua: alama ya kweli inageuka pamoja na mpini, na kivuli kinateleza juu yake.

Usianze na nakala ya silaha inayofanana na bunduki. Katika jiji ambalo walinzi wenye bunduki halisi wanasimama milangoni mwa benki, kubeba kitu kama hicho barabarani ni hatari kwako na kwa walio karibu nawe.

Kwenye mchoro wangu, kila nilichokiona kwa macho nilikichora kwa wino wa buluu, na kila nilichokikisia nilikichora kwa penseli nyekundu. Sehemu za buluu nilimwachia fundi azichomelee bila wasiwasi, kwenye kipande cha bomba la ngazi la chuma kisichoshika kutu, kilichobaki katika kazi ya mteja mwingine. Sehemu nyekundu hazikuchomelewa wala kugandishwa kwa gundi, bali zimefungwa kwa skrubu ndogo. Kitako hakionekani vizuri katika picha yoyote kati ya zile tatu, kwa hiyo kilichopo sasa ni kisahani cha alumini kinachofunguka kwa kuzungushwa mara nne, na siku nitakayopata picha ya upande huo nitakitoa na kuweka kingine bila kugusa bomba.