Bundi mwenye sura mbaya si lazima awe wa kale

SWALI: Hapa Muscat nimeonyeshwa sarafu ya fedha yenye kichwa cha Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, upande mmoja na bundi upande wa pili, uzito wake gramu 16.9. Uso wa Athena umepinda, bundi amekonda, na mgongoni mwake kuna mkato wa patasi. Muuzaji anasema haikugongwa Athens bali ni mwigo wa kale, na kwamba ubaya wa michoro ndio ushahidi wenyewe. Sonara ameithibitisha kuwa ni fedha. Nimepewa siku tatu niamue. Je, ninunue?
Msomaji, Muscat

JIBU: Usilipe bado, ndugu msomaji. Sonara wako amesema kweli, lakini kweli hiyo haikusaidii, kwa sababu fedha iliyoyeyushwa mwaka jana na fedha ya karne ya 4 KK ni madini yaleyale. Ukiining'iniza sarafu hiyo kwa uzi ndani ya maji, uzito wake unapaswa kupungua kwa takribani gramu 1.6, ukipungua kwa 1.8 au zaidi, huenda ndani mna kiini cha shaba kilichovikwa fedha, na hata hapo hujajua umri, kwa maana walaghai wa zamani hizo nao walikuwa hodari wa kuvika shaba fedha.

Linalonichosha zaidi, na ambalo hunijia karibu katika kila barua ya namna hii, ni imani kwamba mwigo wa kale lazima uwe mbaya. Sarafu za bundi zilipokelewa katika masoko mengi nje ya Ugiriki, na watawala waliohitaji fedha ya kuaminika walizigonga wenyewe kwa uzito uleule wa takribani gramu 17. Sabakes na Mazakes, magavana wa Kiajemi wa Misri, waliweka majina yao kwa Kiaramu pembeni mwa bundi, na Artaxerxes wa Tatu, mfalme wa Uajemi, aliliweka lake kwa maandishi ya Kidemotiki ya Wamisri. Hao hawakuwa wababaishaji. Baadhi ya bundi wa Misri wanafanana mno na wale wa Athens, hata mtaalamu hulazimika kulinganisha umbo la jicho la Athena na alama za mihuri ya kugongea, sarafu moja baada ya nyingine.

Ni kweli kwamba miigo mingine iliharibika sura. Wakelti wa bonde la Danube walianza na sarafu za Philip wa Pili wa Makedonia, na kadiri kila mchongaji alivyonakili nakala ya mwenzake, farasi aliyekuwa kwenye sarafu hizo akawa vijiti na nukta. Lakini ubaya huo una ukoo: mtu aliyesoma mfululizo wake ataonyesha sarafu iliyotangulia na iliyofuata. Huko kwenu Arabia vilevile, miigo ya Yemen ina herufi za Arabia ya Kusini, nyingine zikiwa shavuni mwa Athena, na ile ya sarafu za Alexander Mkuu iliyopatikana Mleiha, katika Sharjah, ina familia yake inayojulikana. Mwulize muuzaji bundi wako ni wa ukoo gani. Akijibu tu kwamba ni mwigo, hajajibu kitu.

Neno hilo limekuwa kichaka cha kila kasoro. Mistari ikiwa butu, utaambiwa muhuri ulichakaa. Vitundu vya hewa vikionekana, utaambiwa ni kutu ya ardhini. Herufi zikikosewa, mchongaji hakujua Kigiriki. Madai yasiyoweza kushindwa na ushahidi wowote hayafai kununuliwa kwa hata nusu rial.

Mkato nao umegeuzwa kuwa pambo la kuuzia. Sheria ya Nikophon, iliyopitishwa Athens mwaka 375 KK, iliamuru mkaguzi wa umma azikate palepale sarafu zenye kiini cha shaba au risasi, na fedha ya kigeni yenye chapa ya Athens irudishwe kwa aliyeileta. Wafanyabiashara wa Misri na Shamu nao walikata ili waone ndani. Mkato halisi una kingo zilizosukumwa na patasi. Katika bandia iliyomiminwa kwenye kalibu, sakafu ya mkato ina chembechembe zilezile za uso wa sarafu, kwa sababu mkato ulinakiliwa pamoja na vingine vyote.

Tazama pia ukingo mzima kwa kioo cha kukuzia, utafute mshono au alama za tupa, kisha tafuta picha za bundi wengine wanaouzwa. Sarafu mbili za kugongwa kwa mkono zinaweza kutoka muhuri mmoja, lakini haziwezi kuwa na ukingo uleule, mpasuko uleule na mkato uleule. Ukimpata pacha wa namna hiyo, angalau moja kati yao imetoka kwenye kalibu. Usiisugue kwa siki wala majivu, maana utaondoa ngozi ambayo mtaalamu angeisoma. Mwombe muuzaji hati ya ilikotoka na ruhusa ya kuipeleka kwa mtu anayezifahamu sarafu za Kigiriki. Akikataa mojawapo, mrudishie sarafu yake leo, usingoje siku ya tatu.