Fundi Anajibu: Usifungue Simu Kabla Hujapima Waya

SWALI: Fundi, shikamoo. Simu yangu huchaji vizuri nikiwa sebuleni, lakini chumbani huchukua usiku kucha. Kichwa cha chaja ni kilekile, nahama nacho. Fundi mmoja ameniambia tundu la kuchajia limechoka, libadilishwe. Nimepata kile kipimo kidogo cha USB chenye kioo, nikakichomeka kwenye kichwa, na kinasoma volti 5.1 sebuleni na chumbani. Je, si dalili kwamba chaja ni nzima na tundu ndilo bovu?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usikubali simu ifunguliwe bado. Umesema kichwa unahama nacho, ila hukutaja waya. Nadhani chumbani una waya mwingine, tena mrefu, ili ufike kitandani. Kama ndivyo, mtuhumiwa wa kwanza ni huo.

Kipimo chako kimekaa kabla ya waya. Hapo kitasoma volti 5.1 hata waya ukiwa mbovu namna gani, kwa kuwa umeme haujaanza safari. Namba ya kutazama ni ya ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita. Chaja haisukumi umeme ndani ya simu. Simu ndiyo inayovuta, na huvuta kwa kupimapima. Ikiona volti zinazoifikia zinashuka mno, inapunguza kuvuta.

Mezani kwangu kila waya una kipande cha gundi chenye namba. Namba 1 una urefu wa mita moja na shaba nene. Namba 4 una mita mbili, mwembamba, unavutia kwa macho. Niliviweka vyote viwili kwa zamu kwenye kichwa kimoja na simu moja, nikapima mwanzo wa waya na mwisho wake. Namba 1: volti 5.08 zikitoka, 4.69 zikifika, simu ikivuta ampea 1.95. Namba 4: volti 5.12 zikitoka, 4.50 zikifika, na simu imejibana hadi ampea 0.62. Zidisha volti zilizofika kwa ampea: wa kwanza unaipa simu zaidi ya wati 9, wa pili hazifiki hata wati 3. Hapo ndipo usiku wako unapopotelea.

Ukitaka kuujua ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyouzuia umeme, gawanya volti zilizopotea njiani kwa ampea. Namba 1 unatoa omu 0.2, namba 4 unatoa omu 1. Kumbuka pia kwamba umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita mbili ni safari ya mita nne za shaba. Kinachopotea hugeuka joto, ndiyo maana waya mwembamba ukilazimishwa kubeba umeme mwingi huwa vuguvugu mkononi.

Sasa fanya hivi. Acha simu ishuke hadi kati ya asilimia 20 na 60, zima kioo, chomeka kichwa, kipimo na waya wa sebuleni. Subiri dakika moja namba zitulie, andika ampea. Kisha badilisha waya tu. Kichwa kisiguswe, soketi isibadilike, simu iwe ileile. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeleta tofauti, na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kila siku.

Ikiwa waya mmoja unaganda karibu na ampea 0.5 bila kupanda, kuna jambo jingine la kuchunguza. Vichwa vingi vya kawaida vya tundu pana (USB-A) hujitambulisha kwa simu kwa kuunganisha zile nyaya mbili ndogo za data. Mmoja ukikatika, simu hudhani imechomekwa kwenye kompyuta, na huvuta kidogo kwa adabu. Waya huo unaonekana mzima kabisa, na bado haufai.

Tundu la simu nitalishuku pale tu waya zote zinapotoa namba ndogo, au ampea zinaporuka ukitikisa kichomeo. Hata hapo, anza kwa kuzima simu na kutoa vumbi taratibu kwa kijiti cha mbao. Miaka yangu ya mwanzo nilimbadilishia mama mmoja tundu, na wiki ileile akarudi na shida ileile na waya uleule mkononi. Nilimrudishia fedha yake na kumwomba radhi. Tangu siku hiyo sishiki bisibisi kabla sijaona waya wa mteja.

SWALI: Nilichomeka simu mpya kupitia kipimo, mara namba ikapanda kutoka volti 5 hadi 9. Niliogopa nikachomoa haraka. Simu ingeungua?

JIBU: Hapana, kaka. Hayo ni makubaliano. Chaja ya haraka huanza na volti 5, na haipandi mpaka simu iombe. Katika USB PD, mfumo mmojawapo wa kuchaji haraka, ngazi za kawaida ni volti 5, 9, 15 na 20. Simu isiyojua kuomba hubaki kwenye 5.

Faida yake inarudi palepale kwenye waya. Wati 18 kwa volti 5 zinahitaji ampea 3.6, kwa volti 9 zinahitaji ampea 2 tu, na upotevu njiani unapungua sana. Ila soma mgongoni mwa kipimo chako kiwango chake cha juu cha volti kabla ya kukichomeka kwenye chaja ya kompyuta mpakato. Na waya wa Type-C wa kubeba zaidi ya ampea 3 lazima uwe na chipu yake ya utambulisho ndani. Usipokuwa nayo, chaja haitatoa zaidi ya hapo.

SWALI: Pawabenki yangu imeandikwa mAh 10,000. Nimeimaliza yote kupitia kipimo, kikahesabu mAh 6,300. Nimeibiwa?

JIBU: Hujaibiwa. Zile 10,000 ni za betri za ndani, zenye volti 3.7. mAh ni miliampea-saa, kwa hiyo 10,000 ni ampea-saa 10. Zidisha kwa 3.7: ni wati-saa 37. Kipimo chako kinahesabia kwenye tundu, ambako volti ni 5. Gawanya 37 kwa 5, unapata ampea-saa 7.4, yaani mAh 7,400, kama pasingekuwa na upotevu wowote. Kupandisha volti kutoka 3.7 hadi 5 kunakula sehemu, na wewe umepata asilimia 85 ya hizo. Hiyo ni pawabenki nzuri.

Ukirudia kipimo, soma wati-saa badala ya mAh, kwani zenyewe hazibadiliki maana volti zikibadilika. Ungepata mAh 3,000 ningekwambia irudishe.