Kabla ya Kusikiliza Injini, Inama Uzitazame Springi

Wiki iliyopita dada mmoja anayefanya biashara ya viazi Njombe aliniandikia kuniuliza kama anunue Toyota Hilux ya zamani ambayo mwenye nayo anaisifu kwamba injini yake haijawahi kufunguliwa. Nilimjibu kwa swali: springi zake umezitazama? Hakuwa amezitazama, na wala si peke yake, kwa kuwa wengi wetu tunaotafuta pikapu ya kuanzia maisha hufungua boneti kwanza, tukasikiliza muungurumo, tukatazama rangi ya moshi, kisha tukaanza kuvutana bei. Injini inaweza kutengenezwa ikapendeza kwa siku moja ya mauzo. Springi huficha machache sana, maana kila gunia lililozidi na kila shimo lililoingiwa kwa kasi huacha alama kwenye chuma chake.

Nayasema haya kwa uchungu ambao haujaniisha. Pikapu yangu ya kwanza niliuziwa na mtu niliyemheshimu, ikiwa imepakwa rangi nyeusi chini kote, inang'aa. Springi zake zilikuwa za lifu, yaani bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Chini ya rangi ile, lifu kuu ya springi ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imeshakatika na kuchomelewa. Niliteremka nayo Kitonga nikiwa na matenga ya nyanya kutoka Ilula, na kwenye mteremko kama ule uzito mwingi huhamia mbele kila unapokanyaga breki. Lifu ilikatika kando tu ya pale ilipochomelewa, ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ikasogea upande mmoja, na gari likaanza kuvuta kushoto kama linaloburutwa. Nilikuwa kwenye gia nzito, kwa hiyo nililisimamisha salama, lakini nyanya ziliharibikia barabarani, na aliyeniuzia hakupokea simu yangu tena.

Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto wa kuchomelea huivuruga nguvu hiyo, na sehemu iliyo jirani na mshono hubaki kuwa kavu na nyepesi kuvunjika. Fundi anayekwambia kwamba lifu iliyochomelewa ni imara kuliko mpya anakudanganya, hata kama yeye mwenyewe anaamini anachokisema.

Ndiyo maana mwezi uliopita, nilipokwenda kuitazama Hilux ya 1994, ile yenye springi za lifu mbele na nyuma, nilibeba brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo, tochi na futi ya fundi. Mzee aliyekuwa akiiuza alinitazama nikijilaza chini, akaniuliza, “Mwanangu, unanunua gari au unanunua vyuma?” Nikamjibu, “Nikishaviona vyuma, mzee, ndipo nitakapolijua gari.” Nimelinunua, linabeba mzigo, na sioni haya kusema kwamba najivunia ukaguzi ule.

Lisimamishe gari tupu mahali palipo sawa, ujaze matairi upepo ulio sawa, kisha upime kutoka katikati ya kila gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ya nusu sentimita mimi siifanyii ugomvi, lakini ikizidi sentimita mbili natafuta sababu, na siitafuti upande ule ulioinama peke yake, kwani springi dhaifu ya mbele inaweza kuuinamisha mwili wa gari ukadhani kasoro iko nyuma. Halafu pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, usukani ukiwa umenyooka, pande zote mbili. Vipimo vikipishana waziwazi, huenda sentabolti, boliti inayopita katikati ya lifu zote, imekatika na ekseli imehama mahali pake. Gari la namna hiyo hutembea kiubavu, na ukilifuata kwa nyuma barabarani utaliona.

Umbo la springi litazame ukiwa pembeni. Katika pikapu hizi za zamani, springi ya nyuma isiyo na mzigo huwa na upinde unaoonekana, na hulala karibu kunyooka inapobeba. Ikiwa imenyooka wakati karoseri ni tupu, imechoka. Ikipinda kuelekea upande wa pili inapopakiwa, usiipakie tena. Kama unaweza, linganisha na gari jingine la aina hiyohiyo, kwa sababu si kila springi ilitengenezwa na upinde uleule.

Baada ya hapo ndipo utumie brashi, na hapa nakuomba usifanye haraka. Sugua tope na mafuta yaliyogandamana, kisha mulika tochi kwa mshazari, si kwa kuielekeza moja kwa moja, ili mwanya mwembamba utoe kivuli. Mahali pa kukazia macho ni kando ya yubolti (boliti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli), karibu na tundu la sentabolti, kwenye mviringo wa ncha ya springi unaoshika bushi, yaani mpira wake, na pale ncha ya lifu fupi inapoikandamiza ile iliyo juu yake. Kwenye Hilux ya mzee yule niliona mstari mwembamba wa kutu nyekundu ukitiririka kutoka kati ya lifu mbili za nyuma, ilhali chuma kilichouzunguka kilikuwa cheusi. Kutu mpya mahali pamoja namna ile ina maana kwamba vyuma vinasuguana au kuna ufa unaofunguka na kufunga. Tulipofungua, lifu ya tatu ilikuwa imekatika vipande viwili, nayo imeshikiliwa na klipu inayozibana lifu pamoja. Bei ilishuka, na mzee aliniheshimu zaidi.

Hesabu pia lifu. Nyuma zikiwa nyingi kuliko mbele, huo ni utaratibu wa kawaida, lakini kushoto na kulia ni lazima zilingane, na lifu yenye upana au unene wa kigeni huenda imetolewa gari jingine. Mtu aliyeongeza lifu huenda alikuwa akizidisha mzigo. Basi panda juu kidogo kwa macho, ukague mabano yanayoshika springi na chesisi nyuma ya kabini, kwa sababu springi iliyofanywa ngumu kupita kiasi hupeleka vishindo kwenye chesisi, nayo ndiyo itakayopasuka. Bushi zijaribu kwa nondo: kuchezacheza sana na mlio wa kugonga unapoondoka au kufunga breki ni dalili kwamba zimekwisha. Kulitikisa gari kwa mikono hakutakwambia kitu kuhusu springi. Hapo unapima shokapu, zile zinazotuliza mtikisiko.

Dada yangu wa Njombe, nenda na vifaa vyako, na mwenye gari akikuzuia kulala chini, muage kwa adabu uondoke. Ukilinunua na ukabadilisha lifu, nunua na yubolti mpya, usirudishe zile zilizokwishavutika. Boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga ardhi kwa uzito wake, na yubolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kabla hujapakia ya pili.